Likizo ya Nauli Tu

Ukikutana na mtu anayekwambia likizo yake ilimgharimu nauli tu, mtazame vizuri. Ama hana wakwe, ama anao lakini hawajamjua. Sisi tuliooa mbali tunajua kuwa nauli ndiyo gharama pekee inayotajwa kabla ya safari. Zilizobaki huja zenyewe, zinabisha hodi moja baada ya nyingine, na zote zinakuamkia shikamoo.

Nyumbani kwangu Tabata vyeo vilishagawanywa zamani. Mke wangu, Mama Salma, ni Spika. Yeye ndiye anayetoa nafasi ya kuzungumza, na kikao kikimchosha anakiahirisha. Salma mwenyewe, miaka tisa, ni CAG. Hakuna shilingi inayopita asiione, na ripoti zake huzisoma hadharani, hasa wageni wakiwa sebuleni. Kaka yake Idrisa tumuite Nusu Nauli, sababu utaiona mbele. Mimi ni Waziri wa Fedha, maana yake nasoma bajeti halafu wengine wanaitumia.

Mwaka huu hoja iliyoletwa mezani ilikuwa Zanzibar. Wenzao wa shuleni wameshafika Nungwi, wameogelea na kasa, wamerudi na picha. Nikachukua daftari. Nikaandika boti ya kwenda, boti ya kurudi, gari ya kutoka bandarini hadi Nungwi, chumba cha watu wanne. Nilipofika kwenye mstari wa chakula nikafunga daftari, nikaomba mwongozo wa Spika.

“Kwani wewe unapendekeza wapi?” akaniuliza, na jicho lake lilishajua.

Nikapendekeza Kondoa, kwao. Hoja zangu zilikuwa nzito. Kwanza, usafiri: tangu treni ya umeme ianze kwenda Dodoma mwezi Julai 2024, daraja la kawaida kutoka Dar ni shilingi 31,000 kwa mtu mzima, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu. Pili, kutoka Dodoma kwenda Kondoa ni kilomita zipatazo 160, lami tupu. Tatu, utalii: michoro ya miambani ya Kolo, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, iko jirani kabisa. Na nne, ambayo niliitamka polepole ili izame, malazi ni bure.

“Kwa hiyo,” akasema Spika, “unatupeleka kwetu halafu unaita utalii.”

Hoja ikapita kwa sababu hakuna aliyekuwa na pesa ya kuipinga.

Hapo ndipo Idrisa anapoingia. Idrisa alikuwa na miaka 12, na siku yake ya kuzaliwa iko mwishoni mwa Juni. Nikapiga hesabu: tukiondoka likizo inapoanza tu, tukarudi kabla ya siku hiyo, kijana anakwenda kwa 15,500 na kurudi kwa 15,500. Nauli yetu sote kwa upande mmoja, shilingi 93,000. Niliiandika kwa kalamu ya wino, si penseli. Spika akaiangalia, akaniambia kuna kitchen party ya binti wa jirani, yeye ni mjumbe wa kamati, na mjumbe wa kamati hasafiri kabla ya shughuli. Tarehe ikasogezwa. Mtoto naye hakusogea, aliendelea kukua palepale sebuleni huku namwona.

Kisha likaja suala la mizigo. Mimi nilidhani mtu anayekwenda kulala bure anabeba nguo zake na mswaki. Spika akanikumbusha kuwa mkono mtupu haulambwi, tukaenda Kariakoo. Kanga za mama, kanga za mama wadogo, kanga ya yule shangazi ambaye akikosa kanga anakumbuka mahari haikumalizwa. Kofia ya baba. Sukari, mchele, sabuni za miche, dagaa.

“Sukari na Kondoa ipo,” nikajaribu.

“Ya Kondoa haijatoka kwako.”

Halafu nazi. Kondoa minazi haioti, kwa hiyo ukitokea pwani bila nazi ni kama umetoka msikitini bila viatu; watu watajua kuna jambo. Tulinunua kiroba kizima. Spika akakishona mdomo kwa shazia na kamba ya katani, mishono ya mtu asiyemwamini hata mumewe.

Stesheni ya Dar, wewe kama hujafika, ni jengo la kuheshimika, limejengwa kwa umbo la tanzanite, na mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi. Begi la Idrisa likapita. Begi la Salma likapita. Kiroba kikaingia, na mkanda ukasimama. Kijana wa ulinzi akasogeza uso kwenye kioo, akarudi nyuma, akasogea tena. Humo kwenye kioo kulikuwa na mipira myeusi imepangana, kila mmoja una utupu katikati.

“Mama, humu mna nini?”

“Nazi.”

“Zote?”

“Sasa kijana wangu, nichanganye na nini?”

Akaomba tufungue. Nimeshasema kuhusu ile mishono. Wembe hatuna, mkasi hatuna, na kisu huwezi kukiulizia mahali kama pale. Spika akainama akaanza kufumua kwa meno, foleni nyuma yetu ikirefuka hadi karibu na mlango, na katika ukimya ule CAG akapaza sauti: “Dagaa wako kwenye begi la baba, chini ya suruali.” Yule kijana akacheka hadi akashika meza. Nazi moja ikatolewa, ikatikiswa sikioni, ikasikika maji, tukaruhusiwa. Nilibeba kiroba kilichofumuka hadi kwenye behewa nikikikumbatia kifuani mbele ya watu wenye mabegi ya magurudumu.

Treni yenyewe sina neno nayo. Babu zetu walijengewa reli na Wajerumani kuanzia 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, na marehemu baba alikuwa akisimulia kulala na kuamka ndani ya treni ile, akitaja kila stesheni kwa jina la chakula kilichouzwa hapo. Hii ya sasa inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Chapati za Spika zilifunguliwa kabla hatujapita Pugu, na wakati mayai ya kuchemsha yanakwisha tulikuwa tumeshaiacha Morogoro. Kwenye mahandaki ya Kilosa giza lilipoingia, CAG akauliza taa za humo analipa nani.

Lakini faida kubwa ya treni hii hakuna anayeitaja: madirisha hayafunguki. Wewe unayesafiri na mke kwa basi la Dodoma unanielewa. Basi likisimama Dumila, dirisha linavamiwa na ndoo za nyanya na mahindi ya kuchoma. Likisogea kidogo, jingine. Spika akiwa kwenye basi hununua kila kinachoinuliwa hadi usawa wa kioo, na mara moja alilipia sado ya nyanya, basi likaondoka na pesa yake imebaki na nyanya zimebaki. Ndani ya treni alikaa ametulia, anaangalia mashamba yakikimbia, mkoba umefungwa. Nilimwona anahuzunika kidogo. Mimi nilihesabu Dumila kama akiba, nikaiandika.

Akiba hiyo iliishi hadi Dodoma.

Mpango ulikuwa kushuka, kupanda gari, jioni tuko Kondoa tunakunywa chai. Ila stesheni ya treni iko Mkonze na stendi kuu ya mabasi iko Nanenane, mji mzima umelala katikati, na katikati ya mji huo anaishi binamu wa Spika tunayemwita Mzee wa Kona kwa sababu huwezi kumkwepa. “Tukipita bila kumsalimia itakuwa maneno,” akasema Spika. Tukamsalimia. Kumsalimia Mzee wa Kona ni kazi ya mchana kutwa, kwa sababu anaanza na habari za waliofariki, kwa mpangilio. Tulipotoka, usiku umeingia na magari ya Kondoa yameondoka. Yeye ana chumba kimoja na sebule yenye pikipiki.

Sasa kumbuka ni mwezi gani. Juni, Bunge la bajeti limekaa Dodoma, na kila mwenye shughuli na wizara amekuja kulala karibu nayo. Nyumba za kulala wageni ambazo miezi mingine zinakubembeleza, Juni zinakuuliza wewe ni nani. Tulipata chumba, na bei yake sikuiandika kwenye daftari. Ilisomwa asubuhi na CAG mbele ya mhudumu aliyekuwa akileta chai.

Na baridi. Mimi ni mtu wa Dar, kwangu sweta ni nguo ya picha. Dodoma ya Juni asubuhi ina upepo unaoingia kwenye mfupa na kuuliza kama kuna nafasi. Watoto walikuwa na fulana za mikono mifupi. Tukazunguka kwenye mitumba kutafuta masweta, na muuzaji alipoona meno ya Idrisa yanagongana alijua kabisa kuwa hatutashindania bei.

Kondoa tulipokelewa, nisiwe mnafiki, kama watu. Mama mkwe wangu namwita Gavana, kwa maana ya Benki Kuu. Ni mama mfupi, mpole, anaweka pesa kwenye pindo la kanga na fundo lake halifunguki kwa maombi. Nilimwamkia, akaitikia “marahaba baba,” akanitazama nilivyokonda kwa baridi, akaagiza mbuzi achinjwe.

Mbuzi ni heshima, lakini pia ni tangazo. Moshi wa mbuzi ukionekana kwa Gavana, ukoo unajua mkwe wa Dar amefika. Wakaja wa karibu, wakaja wa mbali, wakaja waliokuwa na ugomvi na wa karibu. Kila mzee anakuja kutusalimia tu, hataki kitu. Anakaa, anakula, anauliza habari za bahari, na wakati wa kuaga anakushika mkono na haachii. Hapo ndipo unapotoa ya sabuni. Kuna ya sabuni, kuna ya sukari, kuna ya tumbaku, na kuna kijana aliyefaulu ambaye hajasema anataka nini, amesimama tu karibu na mlango na barua ya kujiunga na shule mkononi.

Usiku nilimwambia Spika kwamba kwa mwendo huu Nungwi ingekuwa nafuu. Akanijibu akiwa ameshageukia ukutani: “Nungwi nani angekuchinjia mbuzi?” Sikuwa na jibu, na hadi leo natafuta. Hoteli ukishalipa mmemalizana. Ukitoka mlangoni hakuna anayekudai wala unayemdai. Kwa ndugu hesabu haifungwi. Mbuzi aliyeliwa leo ni ada ya mtoto wa fulani Januari, na ile ada ndiyo itakayomfanya fulani apande basi usiku siku wewe ukiwa na msiba. Daftari langu halina safu ya mambo hayo. Nililitafuta hata jina la kuipa safu hiyo, usingizi ukanipitia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huo wanauona msemo wa kuchekesha, Gavana anauona utaratibu. Juni ni msimu wa alizeti. Baada ya zile siku mbili za heshima nilikuta fimbo imeegemezwa mlangoni mwangu, na vichwa vya alizeti vilivyokaushwa vimelundikwa kwenye turubai uani. Kupura alizeti ukitazama ni kazi nyepesi. Unapiga, mbegu zinatoka. Ila zinatoka kwenda machoni, na vumbi lake linawasha shingoni hadi unatamani kuvua ngozi. Shemeji yangu, tunayemwita Mwenyekiti kwa sababu hajawahi kuonekana amesimama, alinielekeza akiwa kwenye kigoda.

Tukafika kwenye utalii wenyewe. Michoro iko kwenye vilima kaskazini ya Kondoa, na kwa desturi unaripoti ofisi ya mambo ya kale Kolo, unalipa kiingilio, unapewa wa kukuongoza. Nilikodi Noah kwa ajili yetu wanne. Asubuhi nilipotoka uani nikakuta Noah imejaa. Mwenyekiti yuko mbele. Mama wadogo wawili wako katikati na sufuria la pilau. Nyuma kuna watoto ambao majina yao sikuyajua, na yule wa barua.

“Gari imeshalipiwa,” akanieleza Gavana kwa upole, “si vizuri iende na nafasi.”

Kiingilio cha Mtanzania si kikubwa, lakini kikizidishwa mara Noah kinakua. Nililipa. CAG aliomba risiti.

Nikwambie ukweli, pale juu nilinyamaza. Kuna mapango na miamba iliyoinama zaidi ya 150 katika eneo hilo, na iliyo maarufu ni ya Kolo na jirani zake. Unapanda, unahema, unainua macho, unakuta watu wembamba warefu wamechorwa kwa rangi nyekundu, vichwa vyao vikubwa kwa nywele au mapambo, na wanyama wa porini. Mtafiti Mary Leakey alikuja miaka ya 1950 kuinakili kwa mkono, na mwaka 1983 akaitolea kitabu. Mahali pengine hapo wazee bado wanafanya matambiko ya mvua. Idrisa, ambaye kwa kawaida husifu simu tu, alisimama akiinua mkono wake kupima urefu wa wale watu bila kugusa.

Gavana alikaa kwenye jiwe akifungua pilau. “Hapa tulikuwa tunachungia mbuzi,” akasema. “Mvua ikinyesha tunaingia humu. Hakuna aliyetutoza.”

Siku ya kuzaliwa ya Idrisa ilitukuta hukohuko. Alipikiwa jogoo, akaimbiwa, na mimi peke yangu ndiye niliyeimba nikipiga hesabu. Wakati wa kukata tiketi za kurudi nilikuwa nimeshakubali kuwa nusu nauli imekuwa nauli. Nilichokuwa sijui ni kwamba Gavana hajawahi kupanda treni ya umeme. Lilitajwa jioni, kwa bahati mbaya kabisa, mbele ya ukoo mzima. Mama hajawahi kuipanda. Mama ana miguu, anataka na hospitali ya Dar wamwangalie. Mama hatasumbua, atakaa wiki mbili tu. Wote wakanigeukia. Shilingi 93,000 za kwenda zikawa 139,500 za kurudi.

Mizigo ya kurudi ilikuwa mizito kuliko ya kwenda. Madumu ya mafuta ya alizeti, asali, kunde, maharage, unga wa ulezi. Spika alitaka na jogoo mzima mzima. Nikamwambia mashine iliyohoji nazi haitamnyamazia jogoo. Akachinjwa usiku, akasafiri akiwa amekaangwa, na tulipoingia kwenye behewa kila abiria aliyenusa alitutazama kwa urafiki. Kwenye mahandaki ya Kilosa Gavana alinishika mkono, hakuuachia hadi tulipotoka kwenye mwanga. Nikajiandaa kutoa ya sabuni, kwa mazoea tu.

Tulipofika Tabata CAG alikaa mezani na kalamu. Akathamini mafuta kwa bei ya dukani, akathamini asali, kunde na ulezi, akajumlisha, akatoa. Ripoti ikasomwa wakati wa chakula: ukoo wa Kondoa umetupa vitu vya thamani kubwa kuliko vyote tulivyowapelekea, nazi zikiwemo, na hasara yote imetokana na matumizi ya baba Dodoma. Spika aliipokea ripoti. Mimi sikupewa nafasi ya kuchangia.

Zile wiki mbili za Gavana zilikwisha, hakuna aliyesema kitu. Amepanga upya jiko, amemfundisha muuza genge wetu adabu ya kipimo, na amenunua kibubu cha udongo kilichowekwa juu ya kabati la vyombo. Kila mtu anachangia kila Jumamosi kiwango alichopangiwa. Cha kwangu kilipangwa nikiwa kazini. Pesa hizo, nimeelezwa, ni za likizo ya Desemba, safari ya Tanga, kwa mdogo wake Gavana anayeishi Chumbageni. Kuna mapango ya Amboni ya kutalii, na chumba cha kulala hatulipii.

Juzi usiku niliwakuta mama na binti yake wanajadiliana kwa sauti ya chini Tanga wanakosa nini, maana nazi wanazo. Jana nimeanza kuulizia bei ya asali.